Tulipokuwa Tukisimama

Lushoto nilikokulia, pikipiki ilikuwa chombo cha kazi. Bwana shamba alikuwa nayo, padri alikuwa nayo, na baadaye wakaja vijana wa bodaboda. Hakuna aliyewasha injini ili akatazame miti tu, halafu arudi nyumbani. Angefanya hivyo, wangemuuliza amepatwa na nini. Ndiyo maana mfanyakazi mwenzangu hapa Greensboro, North Carolina, aliponialika tupande milimani na kikundi chake mwezi wa Oktoba, nilimuuliza tunakwenda kufanya nini. Akanijibu: kutazama majani.

Nilikwenda kwa adabu tu, nikarudi nimenogewa, na karibu kila Oktoba tangu hapo nimekuwa kwenye msafara. Waliojiunga nasi miaka ya karibuni hawajui ulikuwaje mwanzo.

Siku hizo hatukuwa na mjadala kuhusu njia. Ilikuwa ni Blue Ridge Parkway, barabara ya kilomita 755 inayofuata migongo ya milima kutoka Virginia hadi Cherokee, kusini-magharibi mwa North Carolina. Ilianza kujengwa 1935, wakati wa dhiki kuu ya uchumi, na kipande cha mwisho kikafunguliwa 1987. Kipande hicho kina daraja la Linn Cove, linalozunguka ubavu wa Grandfather Mountain kana kwamba waliolijenga waliuomba mlima ruhusa. Malori ya biashara hayaruhusiwi humo, mabango ya matangazo hakuna, na mwendo wa juu kabisa ni kama kilomita 72 kwa saa. Mtu anayependa mbio ataona ni adhabu. Kwa mpanda pikipiki anayetaka kuona, sijui kama kuna barabara iliyofikiriwa vizuri kuliko hiyo.

Rangi zenyewe nilidhani nitazizoea. Sijazizoea. Usiku unaporefuka, mti huacha kutengeneza ukijani, na manjano iliyokuwa imefichwa ndani ya jani hujitokeza. Wekundu una habari yake: hutengenezwa wakati huohuo kutokana na sukari iliyobaki kwenye jani, na hukolea zaidi mwaka ukiwa na mchana wa jua na usiku wa baridi isiyofikia kugandisha. Mabadiliko huanza juu vileleni, kisha hushuka wiki baada ya wiki hadi mabondeni. Ukichelewa kuziona rangi vileleni, unashuka kidogo tu. Wenyeji huchagua tarehe ya safari kwa kutazama kimo cha mlima kabla ya kutazama kalenda.

Aliyetuongoza alikuwa mzee aliyepigana Vietnam, mwembamba, mchache wa maneno, mwenye Harley ya zamani aliyoitunza vizuri kuliko meno yake (maneno ya mkewe, si yangu). Ramani ya karatasi aliiweka kwenye mfuko wa plastiki juu ya tangi la mafuta. Sisi tulimfuata kwa kupishana, mmoja upande wa kushoto wa njia yetu na anayefuata upande wa kulia, sekunde moja nyuma ya aliye pembeni na mbili nyuma ya aliye mbele yako. Kwenye kona kali tulijipanga mstari mmoja. Mwisho kabisa alikaa mtu mzoefu ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna anayeachwa.

Mawasiliano karibu yote yalikuwa ya mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia umeshika mafuta. Kidole kikielekezwa kwenye tangi, fulani anahitaji petroli. Mguu ukinyooshwa upande wa kulia, kuna shimo au changarawe upande huo. Kiganja kikipigapiga juu ya helmeti, polisi yuko mbele. Lugha hiyo ina maneno machache, kwa hiyo mengine yote ilibidi yangoje.

Yalingoja hadi tuliposimama, nasi tulisimama sana. Kila baada ya muda barabara ile hupanuka kando, ukaweza kuegesha na kutazama bonde. Mzee alikuwa akiingia humo bila kuuliza mtu. Helmeti zinavuliwa, glavu zinavuliwa, chupa za kahawa zinafunguliwa, kisha yale yaliyojazana vifuani tangu kituo kilichopita yanamwagika kwa pamoja. Pale ndipo nilipojua nani ametalikiwa, nani anaogopa kustaafu, nani ana mtoto jeshini. Pale ndipo waliponiuliza habari za kwetu Usambara, wakashangaa kwamba nasi tuna milima yenye ukungu na mashamba ya chai. Halafu ilibidi tutoke kwenye Parkway kutafuta petroli, maana juu yake hakuna kituo hata kimoja, na hapo tunakuta mji mdogo, mgahawa wa vimkate laini na mchuzi mzito, na meza ya matufaha ya kuuza kando ya barabara.

Kisha vikaja vifaa. Kwanza simu iliyofungwa kwenye usukani ikaizika ramani ya mzee. Halafu redio ndogo za kuvaa ndani ya helmeti, zinazotuunganisha sote tukiwa mwendoni. Sitazisema vibaya kupita kiasi. Siku moja jioni mwenzetu wa mbele alipaza sauti, "Kulungu!", na sote tukapunguza mwendo kabla kundi la wanyama hao halijavuka. Oktoba na Novemba ni msimu wao wa kupandana, na hurukia barabarani bila kutazama. Majani yaliyolowa nayo huteleza vibaya kwenye kona, na ni vizuri kuonywa kabla hujayafikia.

Lakini tukawa tunazungumza siku nzima. Mpira, siasa, bei ya matairi, mtu anaimba. Tukifika mahali pa kusimama hakuna kilichobaki cha kusema. Tunapiga picha, tunapanda, tunaondoka. Mzee alikataa kuvaa redio. Mwaka ule magoti yalipomshinda akaacha kupanda, na aliyepokea uongozi alikuwa kijana mwenye programu ya kupanga njia na kamera juu ya helmeti. Tukawa wengi zaidi, tukafika mbali zaidi, na sikuwa nikijua majina ya nusu yao.

Tarehe 27 Septemba 2024 mabaki ya kimbunga Helene yaliipiga milima hii. Katika North Carolina pekee walikufa watu zaidi ya 100. Vijiji vilisombwa, na Parkway yote ikafungwa; makumi ya maporomoko ya ardhi yalikuwa yameikata au kuifukia. Oktoba ile hakuna aliyetaja majani. Tuliacha pikipiki, tukapakia maji na blanketi kwenye magari.

Mwaka uliofuata vipande vingi vilikuwa vimefunguliwa, vingine bado. Tukalazimika kuunga safari yetu kwa barabara za chini, za wakulima, katika kaunti ya Ashe, ambako nako Mto New ulikuwa umefurika vibaya. Ni mto wa ajabu, unatiririka kuelekea kaskazini. Huko kuna vilima vizima vilivyopandwa miti ya Krismasi, mabanda ya mifugo yaliyochorwa miraba ya rangi kama ya mablanketi ya viraka, na trekta linalokwenda katikati ya njia bila haraka na bila kuomba radhi. Milima inakata mtandao wa simu, kona zinakata redio. Programu ya kijana wetu ilituingiza kwenye njia ya changarawe iliyoishia uani kwa mtu.

Tukaanza kusimama tena. Kuuliza njia, kungoja trekta, kununua jibini West Jefferson. Miongoni mwetu yuko ndugu mmoja wa Bukavu aliyefika Greensboro kama mkimbizi na sasa anapanda Kawasaki ya mtumba. Tulisimama mbele ya kilima chekundu chote, akakitazama kwa muda, kisha akaniambia, "Yaya, kwetu hii miti ingeshakuwa makala." Kwao yaya ni ndugu mkubwa, na makala ni mkaa. Nilicheka hadi nikashika magoti. Nilipowatafsiria wengine hawakucheka. Wakauliza maswali, na maswali yakatuweka pale mpaka kahawa ikaisha.

Wenzangu wengi wanaingoja Parkway ifunguliwe yote ili turudi kwenye njia yetu. Waende, nami nitakwenda nao siku moja, kwa ajili ya daraja la Linn Cove. Lakini kura yangu nimeshaipigia Ashe. Msomaji uliye Raleigh, Charlotte au Greensboro, na una leseni ya pikipiki, njoo Oktoba. Jaza tangi kabla ya kupanda, vaa glavu nene maana juu kuna baridi kuliko unavyodhani, shuka kabla ya magharibi kwa sababu ya kulungu, na redio yako iache nyumbani.