Mama wa Gatwekera na kichujio changu

Nimepotea kidogo, kazi zilinibana. Leo tuweke programu kando, niwasimulie kisa kilichonitia aibu.

Mwaka jana nilipata ujumbe kwamba nimetumiwa shilingi 2,000 kwa M-Pesa. Dakika haikupita, simu ikalia. Mwanamume analia, ati ni pesa za hospitali, amekosea namba. Nikamtumia papo hapo. Nilipoangalia salio, kumbe nimempa pesa zangu mwenyewe! Ule ujumbe ulitoka kwa namba ya kawaida, si kwa jina MPESA. Ni maneno tu, mtu yeyote anaweza kuyaandika. Miaka minne ya kusomea kompyuta, na bado nikatapeliwa.

Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mwezi uliopita natoka Olympic nikishuka kwenda nyumbani Gatwekera, mama mmoja akanipigia.

"Kijana wangu, nimekutumia elfu moja mia tano kwa makosa. Ni za chama."

"Mama, tafuta mjinga mwingine." Nikakata. Alipiga tena mara tatu, nikaifungia namba yake.

Usiku nikitaka kununua bando, nikaona salio limezidi kwa shilingi 1,500. Ujumbe ulikuwepo tangu jioni, umetoka MPESA kabisa, ila sikuufungua.

Sisi tunaoandika programu tunalijua kosa hili. Ukikaza sana kichujio cha barua taka, taka zinaisha, lakini na barua ya kukuitia kazi inatupwa humo humo. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, pesa hufuata namba ya simu, na tarakimu moja inatosha kuzipeleka kwa usiyemjua. Kwa hiyo wanaokosea kweli wapo, na matapeli hujificha nyuma yao.

Nilimpigia asubuhi, nikamwomba radhi. Kumbe ni jirani, anakaa ng'ambo ya pili ya reli, na namba yangu inapishana na ya mweka hazina wao kwa tarakimu ya mwisho. Hakulala usiku ule, akiwaza atawaambia nini wenzake.

Hata hivyo sikumtumia pesa moja kwa moja. Nilimwomba apeleke ule ujumbe wake wa M-Pesa kwa namba 456, ambayo ndiyo njia ya kurudisha muamala, nami nikaziacha pesa zikae palepale. Ukirudisha mwenyewe, halafu mwenzako naye aombe muamala urudishwe, utalipa mara mbili. Wapo wanaoishi kwa ujanja huo. Mama alielewa, na pesa zake zikamrudia.

Sasa nina utaratibu. Mgeni akipiga, namsikiliza kwa heshima, kisha naangalia salio mwenyewe kwa *334#. Kama pesa hazipo, namwambia hazipo, bila matusi. Kama zipo, 456. Na yule anayeomba tu nauli au unga, ambaye hakuna salio la kumpima, nampa kiasi ambacho hakitaniuma hata kama amenidanganya.

Kuangalia salio kungenichukua nusu dakika. Yule mama alikesha kwa sababu niliona uvivu.

Wewe je, yamewahi kukufika? Ulifanyaje?