Rafiki Apewe Baraza

Mwezi wa Julai mwaka 2023 tulijaaliwa kusafiri hadi Orlando, katika jimbo la Florida nchini Marekani, kumzuru dada yetu ambaye ameishi huko kwa miaka mingi. Mwanawe, mpwa wetu wa miaka tisa, alikuwa na ombi moja tu kwa mjomba wake: apelekwe Harambe. Sisi tuliotoka Tanga tulidhani tumesikia vibaya. Harambe gani tena huko ng'ambo ya bahari mbili?

Ndugu msomaji, Harambe ni mji usiokuwamo katika ramani ya nchi yoyote. Umejengwa ndani ya bustani ya burudani ya Disney iitwayo Animal Kingdom, iliyofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998. Wasanifu wake, wakiongozwa na Joe Rohde, walisafiri Afrika ya Mashariki kutazama mbuga na miji, na mji walioufanya kielelezo ni Lamu. Jina wamelitwaa katika ule wito wa harambee uliomo katika nembo ya taifa la Kenya, nao wakaliandika kwa irabu moja mwishoni.

Lamu tunaijua. Tulipokuwa wanafunzi wa chuo tulikwenda huko katika Maulidi ya Riyadha, tukalala katika nyumba ya mawe ya matumbawe yenye dari la boriti za mikoko, na asubuhi tukapishana na punda katika vichochoro ambamo watu wawili wakikutana, mmoja hujibana ukutani. Kwa hiyo tulipoingia Harambe jicho letu lilikuwa la mtu anayetafuta kosa.

Makosa hayakuwa mengi kama tulivyotaraji. Kuta zimepakwa rangi iliyochujuka, zikatiwa nyufa kwa makusudi ili zionekane zimepigwa na jua na chumvi kwa karne nzima. Lamu fundi hulipwa azizibe nyufa. Huko fundi amelipwa azichore. Pameandikwa "Uhuru 1961", mwaka ambao ni wa Tanganyika, ilhali Lamu imo katika Kenya iliyopata uhuru wake mwaka 1963. Duka la bidhaa limepewa jina la Mombasa, kibanda cha viburudisho kinaitwa Tamu Tamu, na mahali pa kahawa na mikate panaitwa Kusafiri. Ukipanda gari la kwenda kutazama wanyama utawaona twiga na tembo wa kweli, na mibuyu mikubwa iliyojengwa kwa saruji.

Mpwa wetu alikuwa akiyasoma majina hayo kwa matamshi ya Kiingereza. Alipofika kwenye kibanda cha viburudisho alisimama. "Mjomba," akauliza kwa Kiingereza, "hii ni ile tamu ya chai ya mama?" Tukamjibu kuwa ndiyo hiyo hiyo. Akalisoma tena, safari hii kwa matamshi ya nyumbani. Neno ambalo daima alilisikia jikoni tu, siku ile aliliona limeandikwa kwa herufi kubwa mbele ya halaiki ya watu.

Hapa yatupasa tuwaeleze wasomaji hali ya mtoto huyu, kwani ndiyo hali ya watoto wengi wa ndugu zetu walioko ughaibuni. Anakielewa Kiswahili, lakini hakisemi. Mama yetu, ambaye ni bibi yake, hupiga simu kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri ya Tanga, wakati ambao kwao ni asubuhi. Mtoto humwamkia shikamoo, hujibu kuwa hajambo, kisha humkabidhi mama yake simu. Bibi hana Kiingereza. Mara ngapi tumemwona akiitazama simu kana kwamba imemnyang'anya kitu! Hajapata kulalamika; husema tu kuwa mjukuu ana haya.

Baada ya kuzunguka mjini tuliingia katika ukumbi wa maonyesho wa Harambe, panapochezwa tamasha la The Lion King, ile filamu ya katuni ya mwaka 1994 inayosimulia habari za mwana wa mfalme wa mbuga. Msomaji ambaye hajaitazama huenda watoto wake wameitazama. Simba, mwana wa mfalme, anadanganywa na ami yake kwamba yeye ndiye sababu ya kifo cha baba yake. Anakimbilia mbali, analelewa na wageni wema, anakua huko akiisahau nchi yake, hadi siku anapotafutwa na kukumbushwa yeye ni nani.

Majina ya filamu hiyo ni ya kwetu. Simba ni Simba. Mama yake ni Sarabi, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo kwa Kiswahili ni mazigazi. Ngiri ni Pumbaa, na fisi jike ni Shenzi. Hata katika tamasha tulilolitazama, waimbaji wanne wakuu wamepewa majina ya Kiume, Nakawa, Kibibi na Zawadi. Tulitazamana na mwenzetu wa nyumbani tukitabasamu, kwani Kibibi ni jina la shangazi yetu. Simba ana gari lake kubwa lililopambwa, Pumbaa naye ana lake, na tembo na twiga pia wana yao. Aliyekosekana katika orodha hiyo ni yule mzee, Rafiki.

Rafiki ni nyani mwenye bakora, na ndiye tunayeandika makala haya kwa ajili yake. Wenye elimu ya wanyama watasema si wa mbuga zetu, kwani uso wake wa rangi ni wa nyani wa misitu ya Kameruni, Gaboni na jirani zake. Na iwe hivyo. Kwa lugha yeye ni wa kwetu kuliko wote. Pumbaa na mwenziwe Timon wana maneno mawili ya Kiswahili yaliyokwenda dunia nzima, lakini Rafiki ndiye anayeonekana akijiimbia kijiwimbo cha utani kwa Kiswahili, kama wafanyavyo watoto wetu uani.

Na anamwimbia nani? Anamwimbia Simba, wakati amekwisha kuwa mtu mzima ugenini. Simba hafahamu! Mwenye jina la Kiswahili anamuuliza mzee maana ya maneno ya Kiswahili, na mzee anamjibu kwa dhihaka kabla ya kumweleza kuwa anamjua babaye. Tumeitazama filamu hiyo mara nyingi pamoja na watoto, lakini jambo hilo hatukuliona hadi tulipoketi Florida kando ya mpwa wetu. Mtoto aliyekulia mbali haijui lugha ya kwao. Mzee anamfuata huko huko aliko, hamkemei kwanza, bali anamwimbia.

Mhusika wa namna hiyo, katika mji uliojengwa kwa mfano wa Lamu, ungetaraji umkute ameketi barazani katikati ya mji. Sivyo. Wakati ule jina lake lilikuwa limepewa sehemu iliyo kando kabisa, ambayo watu waliifikia kwa kupanda treni kutoka stesheni ya Harambe. Tulipanda. Huko kulikuwa na matibabu ya wanyama uliyoweza kuyatazama kupitia kioo, kulikuwa na darasa la kuwafundisha wageni kuchora wahusika wa katuni, na kulikuwa na zizi ambamo watoto walipewa burashi wawachane mbuzi. Watoto wetu wa Tanga, ambao nyumbani hutumwa kuwafunga mbuzi kila magharibi wakinung'unika, walishika burashi kwa furaha isiyo kifani. Palikuwa mahali pazuri na pa elimu, nasi hatukupatia dosari. Tunachosema ni kwamba mzee asemaye Kiswahili alikuwa amewekwa mwisho wa reli, na mji wenye Kiswahili ukabaki hauna wa kuusimulia.

Ilipofika adhuhuri tulijitenga chini ya mti, tukaelekea kaskazini-mashariki, ambako ndiko kilipo kibla kwa watu wa Florida, tukasali kisafiri. Watoto waliona ajabu, kwani kwetu tumezoea kuelekea kaskazini. Tukakumbuka Lamu, ambako saa kama ile adhana husikika kutoka misikiti mingi kwa pamoja. Harambe ilikuwa imejaa sauti za ngoma na wanyama. Kuta za Lamu zinaweza kuigwa kwa saruji na rangi. Sauti za wazee wake zinahitaji msemaji.

Wako wazazi watakaotuuliza: je, katibu wa kamati ya msikiti anampigia debe nyani mwenye vibuyu? Swali hilo ni la haki. Katika filamu Rafiki ana mambo ya kiganga. Huchungulia mambo ya ghaibu, na marehemu mfalme huonekana akisema mawinguni. Hayo si katika itikadi yetu, na tuliwaambia watoto wetu waziwazi, kama tunavyowaambia kuhusu hadithi nyingine za kubuni. Lakini bustani haina haja ya kuyachukua hayo. Sehemu yake iliyo bora ni ile ya mzee anayemtafuta aliyepotea na kumrejeshea lugha na nasaba yake.

Wengine watasema bustani ya burudani ni biashara, na mwenye biashara huweka mbele kinachouzika. Ni kweli, ila wahusika waliochelewa kuja wamekwisha kupewa nafasi. Mwaka 2024 kampuni hiyo ilitangaza kuwa katika bustani hiyo hiyo ya wanyama itajenga eneo la nchi za joto za bara la Amerika, na humo jamaa wa filamu ya Encanto ya mwaka 2021, inayohusu ukoo mmoja wa Kolombia, watakuwa na nyumba yao nzima. Watoto wenye asili ya Kolombia wataingia katika nyumba iliyo kama ya bibi zao. Hatuwaonei kijicho, tunasema tu kwamba jambo hilo linawezekana.

Linawezekana pia wenye utamaduni washirikishwe. Katika bustani nyingine ya kampuni hiyo, EPCOT, liko jumba la Moroko lililofunguliwa mwaka 1984. Mfalme Hassan wa Pili alituma mafundi wa nchi yake waje kutandika vigae, na minara yake imeigwa kwa ile ya Moroko yenyewe. Jasmine wa filamu ya Aladdin, ambaye hata si Mmoroko, amekuwa akiwapokea watoto humo. Tofauti ya mahali palipojengwa na mkono wa mwenyewe huonekana hata kwa mgeni.

Basi tungetaka nini kwa Rafiki? Si mlima wa bandia wala treni ya kasi. Apewe baraza moja ya mawe katika uwanja wa Harambe, yenye kivuli. Kila saa aketi hapo mchezaji anayekijua Kiswahili barabara, awafundishe watoto maneno kumi, awategee kitendawili, wajibu "tega", awaeleze kwa nini ngiri anaitwa Pumbaa na kwa nini mji unaitwa Harambe. Marekani hakukosekani Waswahili wa kuifanya kazi hiyo. Vilevile mwaka 2024 ilitangazwa kuwa Disneyland Paris itajengewa eneo zima la filamu hiyo ya Simba. Ufaransa wanaishi Wangazija wengi, ambao lugha yao na yetu ni ndugu. Mzee asiwekwe tena mwisho wa reli.

Hata hivyo, tulipokuwa tukiyasema haya kwa dada yetu usiku ule, alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akatuuliza kwa upole: "Na nyinyi mwaka huu mmeongea naye mara ngapi?" Tukanyamaza. Ni kweli kwamba sisi tulio nyumbani, simu ya ughaibuni ikija, huzungumza na wakubwa wenzetu tukamwacha mtoto aende zake, kisha tunasikitika kwamba haijui lugha. Rafiki wa filamu alisafiri akavuka jangwa kumfuata Simba. Sisi simu tu imetushinda.

Ijumaa iliyofuata bibi alipiga kama kawaida. Mpwa wetu aliamkia, akajibu hajambo, kisha akamuuliza, "Bibi, nakawa maana yake nini?" Bibi akacheka, akamweleza kuwa ni mtu mwenye afya na sura ya kupendeza, na kwamba babu yake alikuwa nakawa kwelikweli enzi zake. Akamuuliza neno hilo amelipata wapi.

"Harambe," akasema mtoto.

"Harambe ipi? Ile njia ya kwendea Pangani?"

Mtoto alitugeukia, nasi tukajifanya hatukusikia. Akavuta pumzi, akaanza kumweleza bibi yake kwa Kiswahili cha kubabaia, na kila aliponasa katika neno, bibi alimngojea.