Chuo Kinachojulikana na Majirani Zake

Binti yangu amemaliza kidato cha sita, na nyumbani mazungumzo ni vyuo tu. Shangazi yake anataka chuo chenye jina. Mimi, mwalimu wa shule ya msingi, naangalia ada na mkopo wa Bodi. Mwenyewe akauliza jambo ambalo sikulitarajia: "Baba, wanafunzi wa pale huwa wanawafanyia nini watu wa nje?" Amelelewa na TYCS, si ajabu.

Vyuo vikuu vyetu hutaja majukumu matatu: kufundisha, kufanya utafiti na kuhudumia jamii. Hilo la tatu ni rahisi kuandika. Kufagia soko mara moja kwa mwaka mkiwa na fulana mpya na mpiga picha, mimi siliiti huduma.

Kanisa lina historia yake hapa. Mwaka 1960 Askofu Joseph Blomjous wa Mwanza alianzisha pale Nyegezi kituo cha mafunzo ya jamii, na mwaka 1998 Baraza la Maaskofu likakifanya kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino. Kwa hiyo jamii ilitangulia, shahada zikafuata.

Nilimsimulia pia habari za Oktoba 1966. Wanafunzi wa chuo kikuu na vyuo vingine vya Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, ambamo wangelipwa sehemu tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mimi huwa upande wa Mwalimu: aliyesomeshwa kwa jasho la wakulima ana deni. Binti akanijibu, "Lakini baba, kwenda kumwambia Rais unachofikiri nako si kushiriki mambo ya nchi?" Nilinyamaza kidogo. Ana hoja. Chuo kinachowapeleka vijana vijijini kuchimba mitaro, huku uchaguzi wa serikali ya wanafunzi ukipangwa ofisini, kinawafundisha kutii tu.

Basi tukaacha vipeperushi, tukaenda kuuliza watu. Nje ya geti la chuo kimoja, mama lishe alituambia anawajua wanafunzi kwa madeni ya chai. Kwenye chuo cha pili, mwenzake alisema wanafunzi wa sheria huja Ijumaa kuwasomea wauzaji mikataba ya vibanda, na kwamba mwalimu wao huja nao. Hilo la mwalimu ndilo lililonigusa. Ninyi mafrateri mnalijua: mwaka wa uchungaji bila paroko wa kukuuliza jioni umeona nini, ni matembezi. Niliuliza pia kama kazi hiyo inahesabiwa kwenye masomo, au ni ya wenye moyo tu. Inahesabiwa.

Chuo hicho cha pili hakina jina kubwa, na ada yake inazidi ya kile cha kwanza kwa laki nne kwa mwaka. Shangazi amenuna. Mama yake amesema ng'ombe mmoja anaweza kuuzwa. Miaka ya masomo ni minne, ng'ombe tunao wawili, na mimi bado napiga hesabu.