97X: Redio Iliyokufa Mara Tatu

Kama umewahi kuitazama Rain Man, ile filamu ya mwaka 1988 iliyompa Dustin Hoffman tuzo ya Oscar, utakumbuka Raymond akirudia-rudia kibwagizo cha redio: 97X, kishindo, halafu ile ahadi kwamba mustakabali wa rock and roll uko hapo. Redio ile haikubuniwa na waandishi wa filamu. Ilikuwepo kweli, na mimi nilibahatika kuisikiliza kwa miezi minane tu.

Jina lake rasmi ni WOXY, masafa 97.7 FM, mji wa Oxford. Sio Oxford ya Uingereza, la. Huu ni mji mdogo wa Ohio, Marekani, wenye Chuo Kikuu cha Miami (ambacho nacho, usichanganye, hakiko Florida). Mwaka 1981 mtu na mkewe, Doug na Linda Balogh, waliinunua, na mwaka 1983 wakaibadili ikawa redio ya rock mpya. R.E.M., The Smiths, The Cure: watu ambao redio kubwa za biashara zilikuwa hazina habari nao. Mitambo yao ilikuwa midogo, na Cincinnati, jiji lililo jirani, ilipata mawimbi kwa shida. Lakini kila mwisho wa Mei walihesabu nyimbo 500 bora, na watu walizisubiri kama sisi tunavyosubiri mwezi uandame.

Kisha muziki wa pembeni ukawa na pesa. Baada ya Nirvana kuitikisa dunia mwaka 1991, kila mwenye redio alitaka kuwa "mbadala". Mwaka 1996 ikapita sheria ya mawasiliano. Kabla yake kampuni moja haikuruhusiwa kumiliki redio zaidi ya 40 nchi nzima. Baada yake kikomo hicho kikafutwa, na miaka michache tu mbele Clear Channel ilikuwa na redio zipatazo 1,200. Sasa fikiria mume na mke wa Oxford wanashindana na hao.

Mwaka 2004 waliuza masafa. Hicho ndicho kifo cha kwanza. Watangazaji wakahamia mtandaoni na kuendelea vilevile, sauti zilezile, ucheshi uleule. Septemba 2006 pesa zikakata, wakazima. Baada ya muda mfupi kampuni ya muziki ya mtandaoni, Lala, ikawafufua. Mwaka 2009 wakahamia Austin, Texas. Machi 23, 2010, wakanyamaza moja kwa moja.

Sasa mimi naingiaje humu? Dar es Salaam ya wakati ule intaneti ilitoka kwenye satelaiti, ghali na ya kusuasua. Wimbo wa dakika tatu ungekula dakika kumi, tena kwa vipande. Julai 23, 2009, mkongo wa SEACOM ukazinduliwa. Nilikuwa nafanya zamu ya usiku kwenye ofisi moja mjini, na ghafla kompyuta ya pale ikaanza kuimba bila kukatika. Usiku wetu ni mchana wao. Saa sita usiku Posta imelala, mbwa tu na mlinzi, halafu mtu anacheka masikioni mwangu akiongelea jua la mchana kwake. Hesabu mwenyewe: Julai 23 mpaka Machi 23.

Wakati huo baba alikuwa hai. Mzee wa redio huyo, mtu wa kadi za salamu: jina lako, ulipo, unawasalimu nani, na ujumbe mmoja wa mwisho. Jina lake likisomwa hewani, nyumba nzima ilinyamazishwa. Nikamweleza kwamba nasikiliza redio ya Marekani bila antena. Hakushangaa teknolojia hata kidogo. Aliuliza, "Sasa hao wanajua kama upo?"

Nikamjibu kwamba kuna sehemu ya kuandika ujumbe. Akatingisha kichwa: "Basi waandikie. Utasikilizaje watu usiku kucha bila kuwasalimu?"

Niliwaandikia mistari miwili: naitwa fulani, niko Dar, usiku huu kuna joto, ahsanteni. Sikusikia jina langu likisomwa. Lakini kuanzia hapo nilisikiliza tofauti, kama mtu aliyekwisha kubisha hodi. Ndiyo maana ile Machi iliniuma, na sikuwa na mtu wa kumpa pole wala wa kunipa. Ofisini nani angejua Oxford ya Ohio?

Leo simu yangu ina nyimbo nyingi kuliko maktaba yoyote ya 97X. Inajua nilichosikiliza jana na inakisia nitakachopenda kesho, mara nyingi kwa usahihi wa kukera. Bado sijaona mahali pa kuipa salamu. Redio ya watu wachache ni ghali, kila mwezi inadai mishahara na umeme, na vifo vitatu vya 97X vilitokana na hesabu hizo. Kwa hiyo, kama mtaani kwako kuna redio ndogo inayohangaika, yenye mtangazaji anayekosea majina na kupiga nyimbo usizozijua, mtumie ujumbe leo. Mtangazie na biashara yako kama unayo, maana salamu peke yake hazilipi umeme.