Mashahidi watatu wa mdogo wetu



Kwa miaka 3 tuliwaambia kwamba mdogo wetu yuko Kampala anafanya biashara. Haikuwa kweli. Alikuwa gerezani, kwa ajili ya karatasi za uongo za bidhaa. Tunaandika sisi dada zake wawili, naye ametukubalia, kwa sababu uongo wetu ulitaka kumnyima haki yake.

Alirudi Kisangani mwisho wa 2022. Hakuwa na kitambulisho chochote. Alikuwa na karatasi ya hukumu tu. Mwanzo wa 2023, CENI ilipoandikisha wapiga kura hapa Tshopo, tulimwambia aende. Akajibu: «Yaya, mniache. Mfungwa hachagui.» Jirani naye akaongeza: «Hata Bemba walimkataa!» Tukanyamaza. Lakini ninyi mnajua, kwetu karte ya mpiga kura si ya siku ya uchaguzi tu. Ndiyo kitambulisho chetu. Bila hiyo, kila bariera ni mateso.

Tukamwendea avoka mmoja tunayesali naye. Alifungua sheria ya uchaguzi ya 2006. Kifungu cha 7 kinamzuia kupiga kura mtu ambaye tribinali, kwa uamuzi wa mwisho, imemnyang'anya haki zake za kiraia na za kisiasa. Hakisemi kwamba kila aliyefungwa amepoteza kura. Aliyeiba mali ya serikali, kwa mfano, tribinali yetu inaweza kumkataza kuchagua na kuchaguliwa kwa miaka 5 hadi 10 kisha kumaliza kifungo. Lakini jambo hilo linatamkwa ndani ya hukumu. Avoka akasoma hukumu ya Kampala yote. Ilitaja kosa na miaka ya gereza, basi. Juu ya kura, hakuna neno.

Na Bemba? Mwezi wa nane 2018 CENI ilimkataa kugombea urais, kwa sababu mahakama ya La Haye ilimhukumu kwa kuhonga mashahidi. Hapo walitumia kifungu cha 10, cha wanaotaka kuchaguliwa. Kuchagua ni jambo moja, kuchaguliwa ni lingine.

Ilibaki shida ya karatasi. Sheria inaruhusu asiye na kitambulisho aletewe mashahidi 3, walioandikishwa katika kituo kilekile, wenye kukaa eneo hilo tangu miaka 5. Tungewapata wapi, nasi tumeficha habari zake kwa kila mtu? Jioni ile tulikwenda kwa wamama watatu wa chama chetu, tukasema ukweli wote. Mmoja alikuwa anatwanga pondu. Hakuacha kutwanga. Akasema: «Tulijua zamani. Tulingoja mtuambie.»

Kesho yake, kabla ya jua, wote watatu walikuwa kwenye mstari pamoja naye. Walisema mbele ya ofisi kwamba wanamjua, ni mtoto wa hapa. Alirudi na karte, na tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka 2023 alipiga kura.

Kama nyumbani mwako kuna aliyetoka gerezani, la hapa ama la inchi nyingine, usimwambie kwamba amepoteza kura. Mwombe karatasi ya hukumu, mpelekee anayejua kuisoma. Na usimfiche. Siku moja atahitaji mashahidi.