Chini ya Mparachichi

Katika ua wa mzee mmoja wa Kenyenya, gari aina ya Peugeot 504 limelala chini ya mparachichi. Magurudumu hayapo, na kuku hutagia kwenye kiti cha dereva. Wiki moja kabla ya Krismasi, mnunuzi wa vyuma vikuukuu alifika na mizani yake, akataja bei ya kilo. Mzee hakumjibu. Mwanawe, aliyekuwa likizoni kutoka chuo kikuu na akijua fika deni la karo lilivyo, ndiye aliyemwomba mtu yule arudi kesho.

Ubishi uliozuka jioni ile, ajabu ni kwamba haukuhusu fedha.

"Tata, chuma hiki kina uzuri gani?"

Mzee alianza mbali, tangu 404 aliyoiona utotoni. Hiyo, iliyozinduliwa mwaka 1960, ilisanifiwa na Pininfarina wa Italia: mistari minyoofu, pembe kali, na huko nyuma mapezi mawili kama ya samaki, kwa kufuata fasheni ya Marekani ya miaka ya 1950. Mapezi hayo hayakuwa na kazi yoyote. Hata hivyo 404 ilishinda mashindano ya East African Safari mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo, 1966 hadi 1968. Na mwaka huo wa mwisho ni magari saba tu yaliyomaliza safari. Tope halikumuuliza mtu mapezi ni ya nini.

Ilipotokea 504 mwaka 1968, mapezi yalikuwa yamekatwa. Taa za mbele, zilizokuwa za mviringo, zikawa na pembe katika aina nyingi, mithili ya macho yaliyopakwa wanja. Buti nalo likainama ghafla, kana kwamba limevunjika kiuno. Wapo walioiona hiyo kuwa kasoro. Mzee alisema ni mteremko wa kwenda mtoni Gucha, na mtu haulaumu mteremko wa kwao. 505 ya mwaka 1979 ilinyoosha kila kitu. Ilikuwa nadhifu, lakini, kwa maoni yake, nadhifu kama mtu aliyevaa suti ya kuazima.

Kijana alicheka. Gari la uani halikuwa hata na buti hilo! Lilikuwa lile la mgongo mrefu, lenye safu tatu za viti na springi nne kwenye ekseli ya nyuma, ambalo enzi zake lilibeba abiria wa Kisii na Nairobi. Kazi hiyo ya kubeba watu na ndizi vijijini sasa inafanywa na Toyota Probox, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2002: sanduku juu ya magurudumu, lisilojisumbua kupendeza. Je, tofauti iko wapi?

Mzee alinyamaza kitambo.

"Nyanya yako alifia Nairobi. Tulilaza viti, jeneza likaingia lote, na mlango wa nyuma ukafungika. Hatukumleta nyumbani amefungwa kwa kamba kama mzigo."

Kijana hakuwa amewahi kuambiwa hayo.

Mnunuzi aliporudi asubuhi, mzee mwenyewe ndiye aliyemshikia spana. Alimuuzia injini, sanduku la gia na milango minne. Karo ikalipwa nusu. Mlango wa tano, ule wa nyuma, aliuacha mahali pake.