Jana nilikwenda disko la 1989

Najua nimepotea karibu mwezi mzima. Mitihani bwana, na hii baridi ya Uingereza inamaliza hata hamu ya kuandika. Ila la jana siwezi kulala nalo.

Mwenzangu wa darasani alikuwa na tiketi ya ziada ya kazi moja ya sanaa inaitwa In Pursuit of Repetitive Beats, ya Darren Emerson, iliyotoka mwaka 2022. Si sinema ya kukaa kitini. Unavalishwa mimiwani mikubwa inayofunika macho yote, spika za masikioni, na kizibao kinachotetemeka besi ikipiga. Mara uko Coventry, mwaka 1989, usiku, mnatafuta disko la siri la acid house. Unashika vipeperushi kwa mikono yako, unafuata tetesi. Wanaosimulia ni wenyewe waliokuwepo, mpaka polisi waliokuwa wakiwasaka. Baadaye, mwaka 1994, sheria ilitungwa kuzibana sherehe zile, ikataja kabisa muziki wa midundo inayojirudiarudia. Jina la kazi limetoka humo.

Basi tulipolipata hilo disko, nikacheza. Mimi huyu, ninayejifungia chumbani hosteli! Lakini kilichoniingia ni zile sauti. Ni watu wazima sasa, rika la baba yangu, wanacheka wakikumbuka ujana wao. Nikajiuliza, hivi baba 1989 usiku alikuwa wapi? Sijui. Sisi tunaongea ada na matokeo tu. Nyumbani ukiwasha redio, anazima.

Nilipotoka nikampigia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Vipi, hela imeisha?"

Nikamwambia hapana, nataka kujua 1989 ulikuwa unacheza wapi muziki. Kimya. Nikadhani mtandao umekata. Halafu akacheka, kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake.

"Nani kakwambia?"

Kumbe mzee alikuwa mtu wa Sikinde! Anatoka dirishani kwa bibi Magomeni, viatu mkononi, anakwenda kwa miguu kwenye dansi, anarudi kabla bibi hajaamka kuswali. Nilicheka mpaka watu kituo cha basi wakanitazama.

Nikauliza, "Sasa mbona redio unazima?"

Akakaa kimya kidogo. "Nilikuwa nakwenda na ba'mdogo wako, marehemu. Zile nyimbo zikipigwa, siwezi kukaa ndani."

Jamani, miaka ishirini na mbili nilikuwa nadhani baba hapendi muziki.

Sikujua nijibu nini. Tukabaki hivyo hivyo kwenye simu, hakuna aliyekata, mpaka basi langu likaja. Nikirudi likizo nitamwomba tuiwashe redio pamoja, hata wimbo mmoja tu. Akikataa, basi, nitakaa naye nje.

Haya, na nyie kawaulizeni wazee wenu. Jumatatu nina asainmenti, tuombeane.